Usiku wa panki kwenye baa ndogo Kampala: chumba, umeme, sauti na watu

Panki, yaani roki ya kasi na kelele, ilikulia kwenye vyumba vidogo, na mpaka leo chumba kidogo ndicho kinachoutendea haki muziki huu. CBGB ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1973 mtaa wa Bowery, ilikuwa baa ndefu na nyembamba. Bendi ya Ramones walianza kupiga pale mwaka 1974, na maonyesho yao ya mwanzo hayakufika dakika 20. Tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols walipiga Manchester mbele ya watu kama 40. Waandaaji walikuwa vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, waliotaka bendi hiyo isikike mjini kwao, na baadhi ya waliohudhuria waliondoka pale wakaunda bendi zao. Afrika nayo ina historia yake: National Wake walianza Johannesburg mwaka 1979, weusi na weupe kwenye bendi moja, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zikiwa na nguvu zote.

Kwa hiyo ukipanga usiku wa panki Kabalagala, Ntinda au Bukoto, usihangaike na ukumbi mkubwa. Watu 80 kwenye chumba cha watu 80 watakumbuka usiku huo miaka na miaka. Watu haohao 80 kwenye ukumbi wa 500 watasimama ukutani na simu zao.

Pima chumba kwa hatua kabla ya kuzungumza bei. Chumba cha mita 8 kwa 8, ukiondoa mita 3 za kina upande wa bendi, kinakubakizia mita 40 za mraba. Watu wawili kwa kila mita ya mraba ni mwisho, na hapo milango miwili lazima ifunguke kutoka ndani bila kutafuta funguo. Jukwaa si la lazima. Zulia la mita 2 kwa 2 chini ya dramu linatosha, maana bila zulia besi dramu, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, huteleza mbele kila pigo. Tazama na paa. Mvua ya Kampala ikianguka juu ya mabati yasiyo na dari, hakuna spika itakayoishinda, utasubiri ipite.

Kuta za saruji na sakafu ya vigae hurudisha sauti kali. Wengi hubandika trei za mayai, na trei hizo hazizuii sauti kwenda kwa majirani hata kidogo. Wengine huleta magodoro ya sifongo, na hilo ni la hatari. Februari 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sifongo iliyobandikwa ukutani, na watu 100 wakafa. Tundika mablanketi mazito au mapazia ya kitambaa kinene nyuma ya dramu, yakiwa mbali kidogo na ukuta, na usiruhusu moto wa aina yoyote ndani. Chumba kikijaa, miili ya watu yenyewe itapunguza mwangwi. Ndiyo sababu majaribio ya sauti ya saa kumi jioni hutisha, halafu saa mbili usiku kila kitu kinakaa sawa. Usifukuzie mwangwi huo kwenye mikseri (meza ya kuchanganya sauti) mchana kutwa.

Umeme ndio unaoua maonyesho mengi zaidi. Uganda tunatumia volti 240, na amplifaya iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 120: ikichomekwa bila transfoma ya kushusha, inaungua papo hapo. Chukua transfoma yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya. Vifaa vyote vya bendi na mikseri viunganishwe kwenye mkondo mmoja wa umeme, mbali na friji za bia. Friji ikianza kuzunguka volti hushuka ghafla na spika hutoa mlio. Ukiunganisha mikseri soketi ya kaunta na amplifaya soketi ya ukumbini, utapata mvumo usioisha.

Kuna mafundi wanaoondoa mvumo huo kwa kukata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Wazuie. Mwimbaji akishika gitaa na kugusa maikrofoni kwa midomo, tofauti ya umeme kati ya vifaa hivyo viwili hupita mwilini mwake, na mtu anaweza kufa. Kabla hajaimba, fundi mwenye kipimo apime volti kati ya nyuzi za gitaa na wavu wa maikrofoni. Ikionekana hata volti chache, zima, tafuta ni soketi ipi imekosa ethi, ibadilishe.

Jenereta ya kVA 5 inabeba bendi, spika mbili na taa chache bila kuhema. Iwekwe nje, mita kumi au zaidi kutoka dirishani, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mafuta yajazwe kabla ya bendi ya kwanza, injini ikiwa baridi. Umeme ukikatika, mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo azime spika kwanza, ndipo umeme wa jenereta uingie.

Sasa sauti yenyewe, na hapa ndipo pesa ya kukodi vyombo hutumika vibaya. Katika chumba cha mita 8, dramu zinasikika zenyewe, na gitaa lenye amplifaya ya wati 30 ya vali (ile ya mirija ya kioo) linasikika lenyewe. Kinachokosa nguvu ni sauti ya mwimbaji tu. Kodi spika mbili za inchi 12 au 15, zisimamishwe mpaka sehemu ya juu ipite vichwa vya watu, na zipitishe maikrofoni za waimbaji, labda na besi dramu kidogo. Ukipitisha kila kitu, mwimbaji anapotea tena.

Ugomvi wa gitaa na sauti huanzia miguuni. Amplifaya iliyo sakafuni inampigia mpiga gitaa kwenye magoti. Hajisikii, anaongeza, na watu wa mbele wanaumia masikio. Iweke juu ya kreti mbili za bia, iinamishwe nyuma kidogo ielekee masikio yake. Ataipunguza mwenyewe bila kuombwa.

Maikrofoni ikipiga mluzi, angalia mahali ilipo kabla ya kugusa kitufe. Spika kubwa ziwe mbele ya mwimbaji, kamwe zisiwe nyuma yake. Spika ya kujisikilizia ielekee mkia wa maikrofoni. Mwimbaji asifumbate kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, maana akifanya hivyo inaanza kunasa sauti pande zote na mluzi unarudi. Kwenye mikseri kata sauti nzito chini ya hezi 100 kwa kila mwimbaji, kisha punguza eneo la sauti linalopiga mluzi kwa desibeli 3 mpaka 6. Mwimbaji asisimame moja kwa moja mbele ya matoazi, kwa kuwa maikrofoni yake itayabeba yote. Msogeze hatua mbili pembeni.

Amplifaya ya vali isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa, la sivyo transfoma yake ya ndani huungua. Waya wa gitaa nao usiunganishe amplifaya na kabati la spika. Ni mwembamba mno na hupata moto.

Bendi tatu zinatosha: dakika 25 kila moja, dakika 15 za kubadilishana. Dramu na kabati za spika ziwe za pamoja. Kila mpiga dramu alete snea (dramu ndogo yenye mlio mkali), matoazi, pedali na vijiti vyake, maana hivyo ndivyo vinavyovunjika. Bendi ya mwisho ifanye majaribio kwanza na ya kwanza ifanye mwisho, ili vifaa vibaki vimepangwa kwa ajili yake. Weka mezani nyuzi za akiba za gitaa, ufunguo wa dramu, tepu ya kitambaa na fyuzi.

Juma moja kabla, mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) na barua yenye tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Zungukia majirani wa ukuta kwa ukuta, uwape namba ya simu itakayopokelewa usiku huo. Gitaa la mwisho linyamaze saa nne usiku. Ukianza saa kumi na mbili jioni, hata wanaokaa mbali watapata boda boda kabla bei haijapanda.

Kuhusu watu, yako mambo ambayo klabu za zamani zilijifunza kwa uchungu. Septemba 1976, kwenye tamasha la panki la 100 Club, London, glasi iliyorushwa ilivunjika na kumjeruhi msichana jicho. Bia zote zimiminwe kwenye vikombe vya plastiki. Chupa zibaki kaunta. Vijana chini ya miaka 18 wachorwe X kubwa kwenye mikono yote miwili kwa kalamu nene, desturi iliyotoka klabu za Marekani za mwaka 1980, ili mhudumu asiwauzie pombe nao wasikose muziki. Wanaosukumana mbele waachwe wafurahi, ila anayepiga ngumi atolewe. Bendi ya Fugazi ya Washington walikuwa wakisimamisha wimbo na kumrudishia mkorofi dola zake 5 za kiingilio huku akisindikizwa nje. Weka noti kadhaa kwenye bahasha mlangoni kwa kazi hiyohiyo. Mtu aliyerudishiwa pesa yake hana la kubishia.

Ukija kama mtazamaji, linda masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu; kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Kizibo cha sifongo kisokotwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka kitanuke. Karatasi ya chooni haisaidii. Mahali pazuri pa kusikilizia ni katikati ya chumba, theluthi mbili kutoka jukwaani.

Na usiku huo urekodiwe vizuri. Rekodi inayotoka kwenye mikseri itakuwa na waimbaji pekee, kwa sababu magitaa hayakupita pale. Simu iliyo mbele ya amplifaya nayo itapasuka sauti. Weka kinasa sauti nyuma ya chumba, juu ya vichwa, pamoja na ile ya mikseri, kisha uziunganishe baadaye. Pigo la kwanza la vijiti litakuonyesha pa kuzilinganisha. Andika kwenye faili tarehe, baa na majina ya bendi, mpe kila mpigaji nakala yake, na uhifadhi bango moja lisilobandikwa ukutani.