Kabla ya kumlaumu fundi, fungua boneti mwenyewe

Siku gari langu lilipochemsha pale Kigongo, daraja la kuvukia ziwa lilikuwa bado nguzo tu majini. Tulikuwa tunasubiri kivuko cha kwenda Busisi, foleni haisogei, jua la saa nane linachoma, na mimi nimejifungia ndani na kiyoyozi kama bosi. Mvuke ulipoanza kufuka kwenye boneti niliruka nje, nikachukua kitambaa, mkono moja kwa moja kwenye kifuniko cha rejeta. Mzee mmoja mwenye baiskeli ya dagaa akanipigia kelele: "Ng'wanawane, unataka kubabuka uso? Acha ipoe!"

Aliniokoa. Mwanza tuko juu. Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo huku maji ya kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ndani ya injini yanavumilia joto zaidi ya hapo kwa sababu kile kifuniko kinayabana. Kitazame juu, kimeandikwa 0.9 au 1.1, hicho ndicho kipimo cha mgandamizo wake. Ukikifungua injini ikiwa ya moto, mgandamizo unatoka kwa mkupuo na maji yanageuka mvuke mbele ya macho yako. Kwa hiyo zima, fungua boneti, kaa kivulini. Bomba la juu la rejeta likiwa bado gumu na la moto, endelea kukaa. Vijana walishaniletea ndoo ya maji ya ziwa, nikayaacha hadi injini ilipopoa, maana maji baridi kwenye injini iliyowaka yanaweza kupasua silinda hedi, kile kichwa cha injini.

Gari lilirudi mjini kwa kamba. Jumamosi jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, akaniambia tulifungue wenyewe kabla sijapeleka pesa popote. Ni Toyota IST ya kawaida, yenye injini ya 1NZ. Tulichomwaga kwenye beseni kilifanana na chai ya rangi: maji ya bomba na kutu, hakuna hata dalili ya kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu. Kisha tukafungua pale panapokaa themostati, ile vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakishapata joto, tukakuta patupu!

Miezi miwili nyuma nililalamika kwa fundi kwamba gari linapata joto. Aliitoa themostati, akajaza maji ya bomba, akaniambia liko fiti. Hakunificha, sikumuuliza. Wengi wanaamini themostati ni ya nchi za baridi. Ukweli ni kwamba bila hiyo injini inachelewa kufikia joto lake, inakula mafuta zaidi, na tatizo lenyewe linabaki palepale. Langu lilikuwa rejeta inayoziba taratibu kwa kutu, na kifuniko ambacho mpira wake ulishachakaa.

Ndipo nilipoanza kulihudumia mwenyewe uani, na nia yangu hasa haikuwa kukwepa pesa ya ufundi. Nataka kujua ndani ya gari langu kuna nini.

Themostati mpya usiifunge kabla ya kuipima. Itumbukize kwenye sufuria la maji jikoni, ukiwa na kipimajoto. Ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, yaani kabla maji hayajachemka, hata huku kwetu. Ikifika kuchemka na bado imefumba, irudishe dukani. Nilinunua mbili, moja ilikuwa hivyo. Kulanti ukiinunua ile nzito ya kuchanganya, tumia maji ya betri, na soma chupa vizuri usije ukabeba asidi.

Kumwaga oili ni kazi ya dakika arobaini. Spana namba 14 kwa bolti ya chini, oili ikiwa vuguvugu. Weka washa mpya, ile pete ya bolti, paka oili kidogo kwenye mpira wa filta, ikaze kwa mkono tu. Ukibadilisha na filta, injini hii inachukua lita 3.7, kwa hiyo ukimimina galoni ya lita 4 yote umezidisha. Oili chafu irudishe kwenye galoni uwapelekee gereji wanaoikusanya. Mimi niliwahi kuimwaga mtaroni, nakiri. Mitaro yetu inaingia Mto Mirongo, Mirongo inaingia ziwani, na maji ya bomba tunayavuta ziwa hilohilo pale Capri Point.

Sasa suala la mawe. Hapa ndipo naomba unisikilize. Nakaa mlimani, na kupata uwanja tambarare huku ni kama kupata kiti kwenye daladala ya jioni. Mawe yako kila mahali, na mtu anajikuta analaza jiwe chini ya gari badala ya stendi. Nilifanya hivyo nikibadilisha bushi. Jiwe lilionekana kama lingebeba lori. Jeki iliposhuka kidogo, likapasuka vipande viwili na gari likadondoka kwenye breki diski, mimi nikiwa nimetoka chini dakika hiyo kufuata grisi. Jiwe litumie kuzuia tairi lisibingirike, basi. Chini ya gari weka stendi za chuma, kwenye sakafu iliyosawazishwa. Mimi nimemwaga zege kipande kidogo tu, cha kutosha gari moja, na kama huna, panga siku na jirani mwenye uwanja.

Kuna kazi sizigusi. Mabomba ya breki, mifuko ya hewa ya usukani, na chochote ndani ya giaboksi napeleka kwa fundi. Ila siku hizi nakaa naye. Nauliza umetoa nini, umeweka nini, na cha zamani nakibeba nyumbani. Mwanzoni alinuna. Sasa ananiwekea stuli.

Kwenda Sengerema napita darajani tangu lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu bila foleni, na rejeta haijawahi kunisumbua tena. Sufuria la themostati liko uani, limejaa nati. Mke wangu amekataa kabisa lirudi jikoni.