Kichwa cha keramiki kimeanguka sakafuni: kioshwe kitumike?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Tukiwa katikati ya kubadilisha nyonga, kichwa cha keramiki, yaani ule mpira unaochukua nafasi ya kichwa cha mfupa wa paja, kile cha rangi ya waridi, kiliteleza kikaanguka sakafuni. Hakikuonekana kuwa na ufa wala mkwaruzo. Baadhi ya wenzangu walitaka kioshwe, kipitishwe kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke, na kitumike, kwa kuwa ni ghali na mgonjwa ameshakilipia. Tulifungua kingine, lakini ubishi haujaisha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada, waliofungua kingine. Kichwa kikishaanguka hakirudi kwa mgonjwa, hata kiwe kinang'aa vipi.

Chuma kikigongwa hubonyea, nawe unaona palipobonyea. Keramiki haibonyei. Hubaki nzima au hupata ufa, na ufa wenyewe unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni. Ukikandamizwa hautasumbua sana. Ukivutwa ndipo unapokua. Sasa angalia kichwa kinavyokaa: kina tundu linalopachikwa kwenye ncha ya shina la titani, lile linalozamishwa ndani ya mfupa wa paja, na ncha hiyo imechongoka. Kila mgonjwa anapokanyaga, ncha inajikaza ndani na kuutanua ukuta wa tundu. Huko ndiko kuvutwa kwenyewe, kwa miaka na miaka.

Hiyo rangi ya waridi inatokana na oksidi ya kromu kidogo iliyomo kwenye mchanganyiko. Sehemu kubwa ni alumina, yaani oksidi ya alumini, iliyotiwa chembe za zirkonia, yaani oksidi ya zirkoni. Ufa ukizifikia chembe hizo, hubadili mpangilio wake wa ndani, zikatanuka kama asilimia 4 na kuubana ufa usiendelee. Kwa hiyo vichwa vya sasa ni imara kuliko vya alumina tupu alivyoanza navyo daktari Pierre Boutin kule Ufaransa mwaka 1970. Imara, lakini hakuna mtengenezaji anayekuambia utumie kilichoanguka.

Na otoklevu? Inaua vijidudu, haizibi ufa. Kwa vichwa vya zamani vya zirkonia tupu mvuke ulikuwa balaa kabisa, kwani joto na unyevu viliuondolea uso wake ulaini. Mwaka 1997 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, ilionya visitakaswe upya kwa mvuke. Kwa aina nyingine fuateni karatasi ya mtengenezaji, na kamwe msipoze kichwa cha moto kwa maji.

Kuhusu gharama, nawaelewa. Lakini kichwa kikija kupasuka ndani ya mtu, vipande vyake hubaki kwenye nyama na kazi yake huwa ya msasa. Wapo wagonjwa waliowekewa kichwa cha chuma cha kobalti-kromu baada ya keramiki kupasuka. Vipande vikakisaga chuma, kobalti ikajaa kwenye damu na kuudhuru moyo. Hiyo bei hakuna hospitali inayoiweza.

Msipokuwa na keramiki nyingine siku hiyo, na huu ni upasuaji wa kwanza wa nyonga hiyo, daktari anaweza kuweka kichwa cha chuma iwapo kikombe, kile kinachokaa kwenye nyonga na kukipokea kichwa, kina bitana (utando wa ndani) ya plastiki, yaani polithilini, na vipimo vya kipenyo na tundu vinaoana, vya mtengenezaji yuleyule. Bitana ikiwa ya keramiki, chuma hakiingii hapo.

Nimekuta pia vichwa visivyoanguka vikiharibiwa mezani. Ncha ya shina ifutwe damu na mafuta, ikauke, ndipo kichwa kipachikwe kwa mkono kwa kuzungusha kidogo. Kigongwe kupitia kifaa chenye ncha ya plastiki, kamwe si nyundo moja kwa moja. Ncha ikiwa imekwaruzwa na kichwa cha awali, keramiki mpya isiwekwe juu yake bila kifuniko cha titani cha kuivika ncha, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kile kilichoanguka kitieni kwenye mfuko, andikeni namba ya toleo na tarehe, mmrudishie msambazaji. Kisiachwe kabatini, zamu ya usiku itakikuta na kudhani ni akiba.