Maswali Yenu: Watu wa Nyumba ya Mtume

Asalaam aleikum. Maswali mengi, na nusu yake nishayajibu huko nyuma ila kusoma hamtaki, basi twende hivyo hivyo.

Ustadh, wake wa Mtume (s.a.w.) wamo kwenye Ahlul Bayt, yaani watu wa nyumba yake, au ni wale wanne aliowafunika shuka tu?

Wamo. Fungua Surat Al-Ahzab, ile aya ya kutakaswa ni ya 33, lakini usiichomoe peke yake, anza ya 28 uteremke mpaka 34 uone wanaosemeshwa pale ni kina nani. Na Ali, mkewe Fatma binti wa Mtume, na wana wao Hasan na Husein nao wamo bila shaka, Imam Muslim kwenye kitabu chake cha hadithi kapokea kwamba Mtume alitoka asubuhi kajifunika shuka ya manyoya meusi akawaingiza humo mmoja mmoja kisha akaisoma aya hiyo hiyo. Na aliyetusimulia ni nani? Bibi Aisha, mke wa Mtume. Sasa huyu anayemtukana Bibi Aisha eti kwa mapenzi ya watu wa shuka hua simuelewi kabisa. Najua Mashia wanasema aya ni ya hao wanne na Mtume mwenyewe tu, msiniandikie tena, nasema tunavyosoma sisi Masuni. Na wa upande wetu msijifanye wasafi, kuna mtu akisikia Karbala anakunja uso utadhani aliyeuawa pale mwaka 61 Hijria si Husein, mjukuu wa Mtume wake.

Nikiwasifu sana naitwa Shia, nifanyeje?

Imam Shafi alisemwa hivyo hivyo, akajibu kwa shairi kwamba kama kuwapenda Aali Muhammad, yaani jamaa za Mtume, ndo urafidhi (jina la kuwabeza Mashia) basi watu na majini washuhudie kuwa yeye ni rafidhi. Na Abubakar kwenye hadithi za Bukhari kaapa kwamba jamaa za Mtume anapenda kuwaunga kuliko jamaa zake mwenyewe. Hao wanaokuita Shia waulize kwenye tahiyatu wanamswalia nani wakifika "wa alaa aali Muhammad".

Mabinti wa Mtume ni wangapi?

Wanne. Zainab, Ruqayya, Ummu Kulthum, Fatma. Mara ya ngapi hii jamani?

Kuna bwana anasema yeye ni sharifu, wa kizazi cha Mtume, anataka zaka yangu. Nimpe?

Zaka hapana. Hasan akiwa mtoto alitia mdomoni tende ya sadaka, babu yake akamwambia aiteme, hujui kwamba sisi hatuli sadaka? Kwa hiyo sharifu anayekudai zaka, ama hajui nasaba yake inamkataza nini ama anakujaribu. Wapo wanazuoni walioruhusu masharifu mafukara wapewe, kwa vile fungu lao la khumusi, ile sehemu ya tano ya ngawira, haliwafikii tena, hiyo kamuulize shekhe anayemjua huyo mtu na hali yake. Ila hadiya mpe tu, Mtume alikua anakula hadiya. Na akianza kukuuzia dua na maji ya baraka kwa jina la babu yake, funga mlango.

Ni kweli sharifu haingii motoni?

Nani kakwambia? Mtume kasema ambaye amali yake imemchelewesha nasaba yake haitomuwahisha, iko Muslim. Na kaapa kwamba lau Fatma binti Muhammad angeiba angemkata mkono. Huyo Fatma ndo yule aliyesema ni kipande chake, anayemuudhi kamuudhi yeye. Mapenzi yako pale pale na sheria iko pale pale, sasa wewe mjukuu wa mjukuu unataka msamaha gani?

Nimetumiwa meseji ya ndoto ya Bibi Fatma, nisipoituma kwa watu 20 nitapata msiba. Niitume?

Futa. Alipofariki Ibrahim mtoto wa Mtume jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, na Mtume mwenye msiba wake akasimama akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hakutaka mwanawe atukuzwe kwa uongo, nyinyi mnamtungia bintiye ndoto za kutishia watu. Na aliyekutumia mwambie naye afute.