Kupiga mto hakupozi hasira
Ndugu, umetuandikia kwamba hasira hukufanya uvunje vyombo kwa jambo dogo, kisha unajuta. Ushauri uliopewa wa kupiga mto kila hasira zinapokupanda unapendwa na wengi, lakini ushahidi unaupinga. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio ambamo wanafunzi walioudhiwa makusudi kwa insha zao kubezwa walipiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewabeza, na hao ndio waliobaki na hasira kali kuliko wenzao waliokaa kimya tu. Kumrudia mkosaji akilini ndiko kunakochochea hasira, wala jasho halizizimi. Ama hayo yako ya kuvunja vyombo mara kwa mara kwa jambo dogo, kisha kujuta, huenda ni maradhi yanayotibika. Mwone mtaalamu wa afya ya akili, na usiogope, kwani aghalabu tiba huanza kwa mazungumzo.