Kusikiliza albamu ya Kiebrania bila kukijua Kiebrania

Nilipoanza kusikiliza roki ya Kiebrania nilifanya kosa ambalo nawaona wengi wakilifanya. Wimbo haujafika hata kwenye kiitikio, nishafungua simu natafuta tafsiri. Macho yakazama kwenye maandishi, masikio yakabaki na kelele tu. Albamu ile nikaiacha karibu mwaka mzima.

Ilikuwa Adam Betoch Atzmo ya Shalom Hanoch, iliyotoka mwaka 1977. Hanoch alizaliwa mwaka 1946 Mishmarot, moja ya vile vijiji vya Israeli ambako shamba na mali vilikuwa vya wote. Mwaka 1971 alishatoa albamu kwa Kiingereza, na mwaka 1976 akasikika na bendi ya Tamuz. Lakini hii ndiyo ya kwanza aliyoitoa peke yake kwa lugha yake, na kwangu ukaribu wa sauti yake unatokana na hilo.

Niliirudia usiku mmoja umeme umekatika na bando limeisha. Hapakuwa na tafsiri ya kukimbilia. Nikalala chali, giza totoro, na katikati ya uimbaji nikalinasa neno: adam. Nikarudisha nyuma. Adam. Jamani, hili si letu? Mwanadamu, binadamu! Wao husema ben adam, sisi tunasema binadamu.

Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na sisi tumechota Kiarabu kwa ndoo. Ndiyo maana shalom inakaa jirani na salama, nefesh na nafsi, ruach na roho, malakh na malaika, sheva na saba. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: sikiliza mara tatu bila tafsiri, daftari mkononi, uandike kila neno ambalo sikio linadai linalijua. Utakosea mara nyingi. Andika tu.

Halafu sikiliza mkazo. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wao, mara nyingi, huuweka mwishoni kabisa. Sema adamu, kisha sema adam, taratibu: sauti inapanda palepale, kwenye "da". Sisi tumeongeza irabu ya kutulia, wao wanakata. Sisi tuliolelewa na taarabu tumezoea mstari unaotua polepole kwenye irabu, kwa hiyo mwanzoni uimbaji huu unaweza kukupiga kama mlango unaofungwa. Vumilia. Baada ya siku chache utasikia jinsi neno na ngoma vinavyokutana mwishoni mwa mstari, na hapo ndipo melodi inapokaa.

Tafsiri ije baada ya hapo, na ukimpata mtu anayeijua lugha, mwulize yeye kabla ya simu. Simu iliniambia jina la albamu ni "mtu ndani ya nafsi yake". Ni sawa kabisa. Lakini rafiki aliyesoma Kiebrania alinieleza kwamba atzmo inatokana na etzem, yaani mfupa. Mtu ndani ya mfupa wake! Niliurudia wimbo wenye jina hilo usiku uleule, taa nimeizima mwenyewe safari hii, na nikausikiliza hadi mwisho bila kugusa simu.