Maswali na Majibu: Picha Pacha Zinapogoma Kuungana

Nilipiga picha nguzo za mawe za Isimila kwa simu, nikasogea hatua mbili kulia nikapiga tena. Kwenye stereoskopu, kile kifaa cha kutazamia picha pacha, kila jicho na yake, ili uone kina, nguzo ya mbele inaonekana mbilimbili. Lenzi mbovu? (Iringa)

Lenzi haina kosa, umesogea mno. Ubongo huunganisha picha za macho mawili pale tu tofauti yake inapokuwa ndogo. Mtafiti wa Denmark, Panum, aliueleza mpaka huo mwaka 1858; katikati ya jicho haufiki hata nyuzi moja ya pembe. Ukiuvuka, unaona viwili. Chukua umbali wa kitu cha karibu kuliko vyote, gawa kwa 30. Nguzo ikiwa mita 6, sogea sentimita 20, basi. Ukivuta zoom, punguza tena. Na nimesema kitu cha karibu kuliko vyote, si kile ulichokipenda: unyasi uliochomoza pembeni, mita moja toka ulipo, unatosha kuharibu kazi yote.

Nimesafisha picha kubwa ili familia ione vizuri, lakini kwa macho matupu haziungani. (Mwanjelwa)

Swali hili haliishi! Kilima kilekile cha mbali, kwenye picha ya kushoto na ya kulia, kisiachane kupita milimita 63 hivi, wastani wa nafasi kati ya mboni za mtu mzima. Macho hugeukia ndani kwa urahisi. Kwenda nje karibu hayawezi. Pimeni kwa rula kabla ya kulipa studio.

Kichwa kinauma nikitazama kwa muda mrefu. (Njombe)

Pumzika. Macho yanalenga umbali mmoja huku lenzi zake zikikaza umbali mwingine. Usijikaze kuzoea.

Mwanangu wa miaka saba anasema haoni kina chochote, wenzake wanaona. Anatania? (Tukuyu)

Usimkaripie. Jicho moja likiwa zembe, au kukiwa na makengeza hata madogo, ubongo huitupa picha ya jicho hilo na kina hakionekani. Mpeleke kliniki ya macho wiki hii, maana tiba hufanya kazi vizuri zaidi utotoni. Mama, picha zinaweza kusubiri.

Mlima Loleza unatoka bapa. (Mbeya)

Hapo ndipo pa kusogea: kitu cha karibu kikiwa kilomita moja, tembea hadi mita 30. Mahindi ya jirani yasiingie kwenye fremu. Piga asubuhi kabla ya mawingu, kwani wingu likihama kati ya picha mbili, halitaungana.