Maswali ya Wasomaji: Tukikata propela ya dukani, tutakuwa tumevunja kanuni?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mjini Lindi. Klabu yetu ya sayansi inaunda ndege ndogo zinazoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, na mwalimu ameamua tufuate kanuni za Science Olympiad, mashindano ya wanafunzi wa Marekani. Kikomo tulichopewa ni kipenyo cha sentimita 20, lakini propela ya plastiki tuliyopata ina 24. Je, kuikata na kuipinda ni udanganyifu?

JIBU: Marahaba. Si udanganyifu hata kidogo. Kinachokatazwa ni kifaa kinachobadilisha kipenyo cha propela au mwinamo wa mapanga yake, yaani pembe ambayo yamelalia, ndege ikiwa angani. Kipimo chenyewe hubadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo shikeni kanuni za mwaka mmoja tu.

Punguzeni kila ncha kwa zaidi kidogo ya sentimita 2, mkipima kutoka katikati ya tundu, kisha pitisheni sindano tunduni na kupiga msasa upande unaoshuka mpaka mapanga yatulie sawa.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu propela iliyofupishwa hukutana na ukinzani mdogo wa hewa, huzunguka kasi, na mpira huisha nguvu mapema. Dawa yake ni kuongeza mwinamo. Pimeni pembe ya panga kwenye robo tatu ya urefu wake, yaani sentimita 7.5 kutoka katikati: nyuzi 30 maana yake ni kwamba, kama hewa isingeteleza, kila mzunguko ungeisogeza ndege mbele sentimita 27 hivi, na nyuzi 45 zingeisogeza 47. Mwinamo mkubwa hufanya mpira ufunguke polepole, jambo ambalo ndilo mnalolitafuta, lakini ukizidi mno, mapanga hushindwa kuishika hewa mara tu ndege inapoachiwa, nayo haipandi.

Lainisheni plastiki kwa maji ya moto, ikandamizeni juu ya kipande cha ubao kilichochongwa kwa pembe mnayoitaka, kisha ipozeni papo hapo kwa maji baridi. Jaribuni ndani ya ukumbi, madirisha yakiwa yamefungwa, kwani upepo wa bahari hapo Lindi utawaficha tofauti ya nyuzi chache.

Jambo moja nalisisitiza: kanuni hizo hutaka wanafunzi waunde ndege wenyewe, hivyo fundi seremala anaweza kuwaelekeza namna ya kushika kisu, lakini asiwakatie.